Liguria haikupendelewa na maumbile, ilijengwa kwa mawe makavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nisahihishe makala yenu ya utalii kuhusu Liguria, ule ukanda wa pwani ulioko kaskazini-magharibi mwa Italia. Mwandishi aliisifu kuwa ni pwani iliyopendelewa na maumbile: vilima vya kijani, nyumba za rangi zilizopandana juu ya bahari, samaki tele, chakula kitamu. Picha zilikuwa nzuri sana. Lakini msomaji aliyeondoka na neno hilo la kupendelewa ameondoka na kinyume cha ukweli. Maumbile yaliinyima Liguria karibu kila kitu anachokihitaji mkulima, na sehemu kubwa ya kinachopigwa picha leo ni kazi ya mikono ya watu walionyimwa.

Tazama ramani. Mkoa umejipinda kama mundu kutoka mpaka wa Ufaransa hadi Toscana, na Genova, mji wake mkuu, imekaa katikati ya mpindo. Upande wa magharibi huitwa Riviera di Ponente, yaani wa machweo, na wa mashariki Riviera di Levante, wa macheo. Eneo lote ni kilomita za mraba 5,400 hivi. Karibu theluthi mbili ni milima, iliyobaki ni vilima, na tambarare ni haba mno. Alpi na Apenini zinashuka hadi majini. Hata chini ya maji mteremko unaendelea: bahari inakuwa na kina kirefu karibu sana na ufuko, hakuna uwanda mpana wa maji mafupi ambako samaki hupenda kuzaliana. Kwa hiyo hata hao samaki tele ni maneno ya mgeni aliyekula mgahawani.

Watu wa huko walifanya nini? Walikata mlima kuwa ngazi. Kila ngazi ni tuta jembamba la udongo lililoshikiliwa mbele na ukuta wa mawe makavu, usio na chokaa wala saruji. Tuta huitwa *fascia*, na ukuta wake, kwa lugha ya Kigenova, *maxéa*. Kazi hiyo imekuwa ikifanyika tangu takribani miaka elfu moja iliyopita, na inaonekana vizuri zaidi Cinque Terre, vile vijiji vitano vya Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. UNESCO ilipoliingiza eneo hilo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1997, pamoja na Portovenere na visiwa vya Palmaria, Tino na Tinetto, haikulichagua kwa uzuri wa fukwe. Ilichagua mandhari yaliyotengenezwa na binadamu. Mwaka 2018 ufundi wenyewe wa kujenga kwa mawe makavu nao uliorodheshwa kama urithi usioshikika, kwa pamoja na nchi nyingine saba.

Makala yenu iliutaja ufundi huo kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa na kosa. Nitaueleza kwa kirefu, maana ukishauelewa ukuta, mambo mengine ya Liguria yanajieleza.

Fundi haanzi kwa kujenga, anaanza kwa kuchambua. Mawe ya ukuta ulioanguka hutengwa: makubwa peke yake, ya wastani peke yake, membamba ya kabari peke yake, na kokoto na vipande hurundikwa juu ya tuta karibu na mahali vitakapotumika. Udongo nao huwekwa mbali ili usichanganyike na kokoto. Kisha msingi huchimbwa mpaka ardhi ngumu au mwamba, kwa kawaida sentimita 30 hadi 50, na sakafu yake huinamishwa kidogo kuelekea mlimani. Ikiinamia upande wa bahari, ukuta utateleza mbele kwa uzito wake wenyewe.

Mawe makubwa hukaa chini. Kila jiwe hulazwa urefu wake ukiingia ndani ya mlima na uso wake mdogo ukitazama nje. Anayejifunza hushawishika kuligeuza ili ule uso mpana, mzuri, uonekane. Siku hiyo ukuta unapendeza, lakini jiwe limeshika sentimita 10 tu, na msimu wa kwanza wa mvua unalisukuma nje kama jino bovu. Mahali mawe mawili yanapokutana, jiwe la juu lazima lifunike kiungo hicho. Viungo vikifuatana juu kwa juu, ufa umeshapata njia. Uso wa ukuta nao hausimami wima: kwa kila mita moja ya kimo unarudi nyuma sentimita 10 hadi 15, na fundi hufuata kamba iliyovutwa kati ya vigingi. Kabari hutiwa kutoka nyuma ya jiwe. Ile inayopachikwa kwa mbele kuziba pengo huonekana nadhifu, ila ukuta ukishatulia inalegea na kudondoka, na jiwe ililokuwa ikilishika linaanza kucheza.

Nyuma ya uso huo ndiko kwenye siri yote. Kati ya mawe ya mbele na udongo wa tuta huachwa nafasi ya sentimita 30 hadi 50, inayojazwa kokoto na vipande vya mawe. Hupangwa kwa mkono, safu kwa safu, ukuta unavyopanda. Kuvimwaga kwa koleo baada ya ukuta kukamilika huacha mashimo ambayo udongo utayajaza baadaye. Tabaka hili ndilo linalochuja maji ya mvua na kuyapitisha polepole kwenye mapengo ya mbele. Juu kabisa huwekwa mawe mapana na mazito ya kofia, yanayoweza kukanyagwa na mtu mwenye mzigo begani.

Kwa hesabu ya kawaida, ukuta wenye kimo cha mita 1.8 na unene wa wastani wa sentimita 60 hula kama tani 2 za mawe kwa kila mita moja ya urefu, bila kuhesabu kokoto za nyuma. Hakuna gari linalofika huko. Tangu miaka ya 1980 baadhi ya miteremko imewekewa vitreni vya reli moja vinavyobeba zabibu na mawe, lakini palipo mbali na reli mzigo bado ni wa mgongo na bega.

Sasa lile kosa. Mwandishi alisema kuta hizo siku hizi "huimarishwa kwa saruji". Ndugu Mhariri, saruji ndiyo inayoziua. Ukiziba mapengo ya mbele, maji yanakosa pa kutokea. Yakisimama kimo cha mita 2 nyuma ya ukuta, yanausukuma kwa chini kwa nguvu ya tani 2 kwa kila mita ya mraba, na hapo uzito wa udongo haujaongezwa. Ukuta wa mawe makavu huonya mapema: unaota tumbo katikati, mawe ya kofia yanakaa upande, na fundi ana muda wa kubomoa kipande cha mita mbili tatu na kukijenga upya kwa mawe yale yale. Ule wa saruji hukaa kimya miaka, halafu unaanguka wote kwa mpigo mmoja.

Mengine yanayouharibu ni udongo kuingia kwenye kokoto na kuziba mchujo, mizizi ya vichaka kuchokonoa viungo, na nguruwe mwitu kufukua tuta wakitafuta chakula. Yote hayo ni madogo pale mwenye shamba anapopita kila baridi na kurudishia jiwe lililotoka. Balaa ni asipokuwepo. Karakana kubwa ya meli za jeshi la majini ilipofunguliwa mji wa La Spezia, jirani na Cinque Terre, mwaka 1869, wanaume wa vijiji vya jirani walianza kupata mshahara wa kila mwezi, reli ikafuata, na baadaye ukaja mdudu filoksera anayekula mizizi ya mizabibu. Baada ya Vita Kuu ya Pili matuta mengi yaliachwa moja baada ya jingine. Tuta lililoachwa halirudi kuwa mlima kama mwanzo. Linabaki maelfu ya tani za udongo uliokusanywa na watu, na aliyekuwa akiushikilia kaondoka.

Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua ya kutisha ilinyesha kwa saa chache juu ya Cinque Terre na bonde la Vara. Brugnato, ndani ya bonde hilo, zilipimwa zaidi ya milimita 500 kwa siku moja. Vernazza na Monterosso zilifukiwa na matope na mawe hadi usawa wa orofa ya kwanza, na watu wakapoteza maisha. Mvua ya kiasi hicho ingeleta maafa popote. Lakini waliochunguza miteremko baadaye waliona matuta yaliyotelekezwa ndiyo yaliyomomonyoka vibaya kuliko yaliyokuwa yakilimwa. Haifai kuandika ukurasa mzima juu ya uzuri wa Vernazza bila kuwaambia wasomaji habari hii.

Juu ya matuta hayo hulimwa mizabibu na mizeituni. Mizabibu ya Cinque Terre, hasa aina ya Bosco, Albarola na Vermentino, hutambazwa kwenye vichanja vifupi karibu na ardhi ili upepo wa bahari usiivunje, na mchumaji huingia chini yake akiwa amechutama. Mvinyo mtamu wa Sciacchetrà hutokana na zabibu zilizoanikwa kivulini penye upepo hadi zisinyae. Zabibu mbichi kilo 100 hutoa kama lita 30, mara nyingi pungufu. Bei yake ni kubwa kwa sababu hiyo.

Nikija kwenye chakula, makala ilitoa maelekezo ya pesto, ule mchuzi wa kijani wa majani ya mrehani unaoliwa na tambi, na hapo napo pana la kurekebisha. Mwandishi alishauri majani yasagwe kwenye mashine kisha mchuzi uchemshwe dakika tano. Pesto haipikwi kabisa. Jina lenyewe linatokana na kuponda, na chombo chake ni kinu cha marumaru na mchi wa mbao. Mrehani unaotumika ni mche mchanga wenye jozi mbili hadi nne za majani, unaong'olewa na mizizi yake na kuuzwa kwa vishada. Unaosifika zaidi unalimwa kwenye vitalu vya Prà, mtaa wa Genova, na tangu 2005 mrehani wa Genova una ulinzi wa jina katika Umoja wa Ulaya. Mmea ukikomaa na majani kuwa makubwa, harufu yake huelekea kwenye nanaa, na pesto inaharibika hata kila kitu kingine kikiwa sawa.

Vipimo vinavyokubalika huko ni hivi: majani ya mrehani gramu 60 hadi 70, kokwa za msonobari gramu 30, jibini kavu ya Parmigiano gramu 45 hadi 60, jibini ya kondoo ya Sardinia gramu 20 hadi 40, punje moja au mbili za kitunguu saumu, chumvi ya mawe gramu 10, na mafuta ya zeituni ya Liguria mililita 60 hadi 80. Mafuta yawe yale laini ya pwani hiyo. Yenye ukali wa kuwasha koo huumeza mrehani.

Majani huoshwa kwa maji baridi na kukaushwa juu ya kitambaa bila kusuguliwa, maana jani likichubuka linaanza kuwa jeusi. Kitunguu saumu hutangulia kinuni na punje chache za chumvi hadi kiwe kama malai. Kisha majani, kidogo kidogo, na chumvi iliyobaki, ambayo ukali wa punje zake ndio unaoyakata. Mchi hautwangi kama wa mahindi: unazungushwa ukikandamiza majani kwenye ukingo wa kinu, huku mkono wa pili ukikigeuza kinu upande mwingine. Unapoona maji ya kijani king'avu yanatoka, tia kokwa, halafu jibini, na mafuta mwisho kabisa kwa kudondoshea. Kazi ifanywe haraka, kwani hewa hubadili rangi. Kisu cha mashine hupata joto na kuyafanya majani yawe ya kahawia yenye ladha ya nyasi. Asiye na kinu aweke kisu na bakuli la mashine kwenye friji kwanza, kisha asage kwa vipindi vifupi. Pesto hulegezwa kwa kijiko cha maji yaliyochemshia tambi, na tambi hizo, trenette au trofie, huchemshwa sufuria moja na vipande vya viazi na maharage mabichi. Moto wa tambi unaitosha.

Wenye hamu ya kitu rahisi zaidi wajaribu farinata: gramu 300 za unga wa dengu kwa lita moja ya maji, uloweke saa nne au usiku kucha, uengue povu lote, utie chumvi gramu 10 na mafuta ya zeituni kama mililita 100, umimine kwenye sinia pana la shaba usizidi unene wa sentimita moja, uingie tanuri kali sana. Povu lisipoenguliwa huungua na kuacha uchungu. Hadithi ya kwamba chakula hiki kilizaliwa kwa dhoruba iliyochanganya unga na mafuta ndani ya merikebu, Wagenova waliporudi kutoka kuwapiga Wapisa huko Meloria mwaka 1284, ni hadithi tu, ingawa vita vyenyewe ni kweli.

Nimesema bahari ya huko si karimu. Ndiyo maana uvuvi wake ni wa subira. Kule Camogli, kwenye rasi ya Punta Chiappa, hutegwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Septemba mtego wa nyavu uitwao *tonnarella*, ulio wa mwisho wa aina yake Liguria. Samaki wanaopita kandokando ya pwani hukutana na ukuta wa wavu, wanaufuata kuelekea kilindini, na kuingia chumba cha mwisho wasichojua kutoka. Kinachonivutia ni kwamba wavu wake husukwa kwa usumba wa nazi, unaoagizwa kutoka mbali, kwa vile nazi haioti Italia. Usumba hushika mwani, mwani huvutia samaki wadogo, na wadogo huvutia wakubwa. Msimu ukiisha sehemu ya wavu hukatwa na kuachwa izame, ikaoze bila madhara. Wavu wa plastiki usingeachwa hivyo.

Monterosso sifa yao ni dagaa wa chumvi. Huvuliwa usiku usio na mwezi, boti zikiwasha taa kali, hasa Juni na Julai. Siku hiyo hiyo kichwa na matumbo hutolewa kwa vidole, bila kisu, kisha dagaa hupangwa duara ndani ya chombo, safu ya samaki na safu ya chumvi ya mawe, na juu huwekwa bamba la jiwe na uzito. Maji ya chumvi yanayopanda lazima yawafunike muda wote. Safu ya juu ikikaa hewani, mafuta ya samaki huvunda na chombo kizima kinanuka. Baada ya siku 40 hadi 50 wameiva.

Kuhusu historia nitakuwa mfupi. Makala ilisema Genova ilikuwa "bandari ya ufalme wa Italia tangu enzi za kati". Ufalme huo ulitangazwa mwaka 1861. Kabla yake Genova ilikuwa jamhuri yenye kujitawala kwa karne nyingi, yenye makoloni hadi Bahari Nyeusi na benki yake, Banco di San Giorgio, iliyoanzishwa mwaka 1407. Watu wasio na shamba la kutosha waligeukia merikebu, bima na mikopo. Matajiri wake walijenga majumba yaliyoorodheshwa rasmi kuanzia 1576 ili yapangiwe wageni wa serikali kulingana na hadhi; 42 kati yake ni Urithi wa Dunia tangu 2006. Jamhuri ilianguka mwaka 1797 mbele ya Napoleon, nchi ikamezwa na Ufaransa mwaka 1805, na mwaka 1815 wakubwa wa Ulaya waliokutana Vienna wakaikabidhi kwa wafalme wa Sardinia, jambo ambalo Wagenova hawakulipenda.

Naomba basi mchapishe masahihisho mawili: kuhusu saruji, na kuhusu kuchemsha pesto. Na kama mnaandaa safari za wasomaji, waambieni waende Aprili, Mei au Septemba, si Oktoba na Novemba ambapo mvua hufunga njia. Washukie treni, kwani kutoka La Spezia hadi Riomaggiore ni dakika chache. Wavae viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika. Wasikae wala kupanda juu ya kuta kwa ajili ya picha, kwa kuwa mawe ya kofia yamepangwa kubeba uzito unaokanyaga, hayakupangwa kubeba anayeruka. Wakikuta jiwe limeanguka njiani, wasilitupe bondeni wala wasilichukue kuwa kumbukumbu. Waliweke chini ya ukuta lilikotoka, fundi atakapopita alikute.

Msomaji wenu wa siku nyingi